Chupa Haikupasuka: Historia ya Leodgar Dionis Masanja, 1981–2025

Baba Paroko, Shehe uliyetupa heshima ya kuja, viongozi wa kijiji cha Itobela, wageni mliosafiri kutoka Dar es Salaam na Mbeya, ndugu, jamaa na majirani, Tumsifu Yesu Kristo, Asalamu aleikum, na ninyi wazee wa hapa mliokula chumvi nyingi, shikamooni. Poleni kwa jua, poleni kwa vumbi, poleni kwa msiba. Kabla Leodgar wetu hajashushwa, familia imeombwa isimame ieleze alitoka wapi na amefikaje ndani ya sanduku hili, na kazi hiyo amepewa dada yake mkubwa, Getruda, muuza asali wa Kanyenye, ndiye huyu mnayemwona hapa mbele na karatasi mbili mkononi. Karatasi mbili, ndiyo. Moja iliandikwa na kikao cha ukoo kilichokaa Ipuli juzi Alhamisi, ina mistari kumi na minne na imechapwa vizuri kwa kompyuta. Ya pili imeandikwa kwa mkono, ina makosa ya kalamu na madoa ya chai, na ndiyo itakayosomwa leo. Baba mdogo, kaa tu, kiti ni chako, tutafika huko unakokuogopa.

Marehemu Leodgar Dionis Masanja alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1981, hapa hapa Itobela, kilometa thelathini na mbili magharibi ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Dionis Masanja na Mama Nyamizi, na kati ya hao wanne wawili walirudi kwa Mungu wangali wachanga, wakabaki Getruda na Leodgar. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi, tena kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara na kuwaonyesha wenzake njia, akabeba pembe za watu wengine kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo mara sita, na mara ya saba hakurudi. Leodgar alikuwa anajivunia sana habari hiyo, alikuwa anaisema kila mahali, hata mbele ya matajiri, akiwaambia kwamba sisi Wanyamwezi tumebeba mali ya dunia nzima vichwani lakini hatujawahi kubeba ya kwetu.

Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku, na mlio wakulima mnajua tumbaku inavyokula kuni. Tarehe 2 Aprili 1989 Mzee Dionis aliingia porini kukata magogo ya kuchochea bani, mti ukamgeuka, ukamwangukia kifuani, wakamtoa akiwa anatema damu na akafa kabla hajafikishwa barabarani. Mama Nyamizi akabaki na shamba, bani la kukaushia tumbaku, na watoto wawili. Kila mwaka kuanzia Februari alikaa mdomoni mwa lile bani siku saba mfululizo anachochea moto, anatoa tumbaku iliyokauka, anapakia nyingine, anaanza upya, mpaka macho yake yakawa mekundu moja kwa moja, mekundu msimu wa moshi na mekundu hata masika yakiisha. Naomba mkumbuke hayo macho.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1989 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, na alipokuwa darasa la sita ndipo lilipotokea jambo ambalo halijawahi kusomwa mbele ya watu. Siku ya Alhamisi, tarehe 10 Machi 1994, mtoto wa jirani yetu Mzee Kulwa, binti wa miaka mitano aliyeitwa Pelagia, alifariki kwa homa. Mganga akasema aliyemla ni mwanamke wa upande wa magharibi mwenye macho mekundu. Saa sita mchana, jua la utosi, Mzee Kulwa, ambaye wakati huo alikuwa kamanda wa sungusungu, alipuliza filimbi mara tatu, na kwa wageni ni lazima ielezwe, hapa Itobela filimbi tatu ndiyo mwano, ni amri, ukiisikia unaacha jembe, unaacha chungu jikoni, unashika silaha uliyo nayo na kukimbilia inakotoka, na atakayechelewa analipa mbuzi, na atakayeuliza maswali anahesabiwa kuwa yuko upande wa mwovu. Walikuja na mapanga. Leodgar alikuwa juu ndani ya bani la pili, lililojengwa baadaye, amesimama kwenye fito anatundika majani, akachungulia kwenye tundu la hewa, akaona watu anaowaamkia shikamoo kila siku wakimkata mama yake mikono aliyoiinua kujikinga, kisha shingo, kisha wakamburuta ndani ya bani lake mwenyewe na kulitia moto. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize miaka kumi na mitatu. Alikaa kule juu kwenye fito mpaka jua likazama, meno yameuma ulimi, mdomo umejaa damu.

Sasa sikilizeni. Kwenye mazishi ya mama, historia ya marehemu ilisomwa na baba mdogo, huyu huyu, ikasema kwamba Nyamizi alifariki kwa ajali ya bani kuungua. Getruda alikuwa na miaka ishirini, ameshaolewa mjini, alikaa mkekani akaisikia, akanyamaza. Leodgar aliisikia, akanyamaza. Mzee Kulwa aliisikia, akanyamaza. Kijiji kizima kilisema amina, kikala wali wa msiba, kikaenda zake, na hakuna mtu aliyeulizwa kitu.

Dada yake alimchukua kwake Kanyenye, mtaa wa mjini Tabora, akamalizia shule ya msingi mwaka 1995, akasoma sekondari ya wavulana hapo hapo Tabora mpaka kidato cha sita mwaka 2002, na katika miaka yote hiyo hakucheza mpira hata siku moja, ingawa miguu alikuwa nayo, kwa sababu refa akipuliza tu filimbi Leodgar alikuwa anatapika. Wenzake wakamtania kwamba ana mimba. Akawaacha waseme. Alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2005, akafundisha miaka minne, kisha mwaka 2009 akapata ufadhili wa kwenda Ulaya, na huko akajifunza jambo lililommeza mpaka leo.

Jambo lenyewe wengi wenu alishawaeleza, lakini kwa ambao hawakumsikia, ni hivi. Jua linawaka bila kuni. Ndani yake vipande vidogo kabisa vya haidrojeni vinabanwa mpaka vinaungana, na vikiungana vinatoa joto kubwa, na duniani kuna watu wanajenga mitambo ya kuiga kazi hiyo kwa kutumia haidrojeni nzito inayopatikana kwenye maji. Haina moshi. Siyo ile ya kupasua inayotengenezewa mabomu, hii ni ya kuunganisha, na ukiacha kuichochea inakufa yenyewe. Leodgar alikuwa anasema, ukiwasha moto wa bani unahangaika kuuzuia usisambae, huu unahangaika usizimike. Alirudi nyumbani Juni 2014 akiwa Dokta, na alipoulizwa na dada yake kwa nini hakubaki kule kwenye mishahara minono, akasema ameona moto usiotia watu macho mekundu. Getruda akaangua kilio, maana ilikuwa mara ya kwanza macho ya mama kutajwa kati yao tangu mwaka ule.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa ya bomani siku ya Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2014, na Bibi Hafsa Awadhi, binti wa Mzee Awadhi Mabruki, fundi wa kusuka mota pale Kanyenye, na maneno yalikuwa mengi, huku Wakatoliki wananuna, kule wenzetu wananuna, lakini hao wawili hawakupepesa macho, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nyamizi aliyezaliwa mwaka 2016 na Dionis aliyezaliwa mwaka 2019. Mzee Awadhi ndiye aliyenuna kupita wote, miezi minne hakumwitikia mkwe salamu, mpaka Leodgar alipoingia karakana yake akachutama chini, akamwomba amfundishe kusuka waya wa shaba, kwa sababu ile mitambo ya jua inahitaji koili kubwa za sumaku zilizosukwa kwa mkono mtulivu. Mzee Awadhi alimwangalia, akamwambia, "Wee Mnyamwezi, una digrii tatu halafu unashika waya kama unashika nyoka." Wakaanza kazi siku hiyo, na tangu hapo wakawa pete na kidole.

Kuhusu kazi, kuanzia mwaka 2019 marehemu aliacha kufundisha, kazi aliyoirudia alipotoka Ulaya, na kuanzisha shirika aliloliita Jua Dogo, lenye nia ya kujenga hapa mkoani karakana ya mafunzo ambapo vijana wetu wangesuka koili na kutengeneza vifaa vya mitambo hiyo, ili siku teknolojia itakapokomaa Tabora iwe ndani na siyo nje inachungulia. Alifanya mikutano arobaini na mmoja katika vijiji vya njia hii ya zamani, na mingine Dar es Salaam kwenye vyumba vya viyoyozi, akitafuta watu wa kukubali na watu wa kuwekeza. Yeye na Mzee Awadhi walitengeneza chupa ya kioo kinene, inayotolewa hewa kwa pampu, kisha inaingizwa gesi kidogo na umeme mkali, gesi inawaka rangi ya zambarau, na kila mara kabla ya kuiwasha alisema mbele za watu kwamba chupa hii haizalishi umeme, inakula umeme, ni ya kuonyesha tu, na kwamba hakuna mtu duniani aliyekwishaweza kuwasha hata kijiji kimoja kwa njia hii, huenda ni watoto wetu, huenda ni wajukuu.

Ukweli huo ulimponza. Bwana Majidi, mzaliwa wa Cheyo na msemaji wa wawekezaji, ambaye yupo nasi hapa, alimwambia mara nyingi kwamba aseme miaka mitano tu, watu wanapenda kusikia miaka mitano, na Leodgar akamjibu, "Majidi, nikisema miaka mitano, mwaka wa sita watanitafuta na mapanga." Walicheka siku hiyo, wakanywa soda. Bwana Majidi, usilie, kunywa maji.

Na siyo kwamba alikuwa anapokelewa kwa vigelegele, jamani. Mwaka 2022 katika kijiji kimoja walisema ameleta bomu, wakamrushia mawe, jiwe moja likamtoa meno mawili ya mbele, na mtu na akili zake angekoma, yeye baada ya miezi miwili akarudi kijiji kile kile na pengo lake, akafungua mkutano kwa kuuliza nani ameyaokota, maana anayahitaji kwa nyama choma. Mwaka 2023 kwingine walichoma gari la shirika, Mzee Awadhi akaungua mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko akiokoa chupa. Walipofika nyumbani Hafsa aliwafungia nje wote wawili, mume na baba, akawaambia wakalale na hilo jua lao. Lakini mwaka 2024 mambo yakaanza kukaa sawa, vijiji tisa vikakubali, wawekezaji wakasema wako tayari kuleta fedha kwa sharti moja, kijiji kitakachotoa ardhi kikae mkutano mkuu, kikubali kwa mikono, na muhtasari usainiwe.

Leodgar akachagua Itobela.

Hapo ndipo yeye na dada yake walipogombana, na ugomvi haukuwa mdogo. Miezi miwili hawakusemeshana. Getruda alimuuliza kama amerukwa na akili, awapelekee mwanga watu waliomchinja mama kama kuku, na Leodgar akasema, "Dada, panga walishika wao, lakini moshi uliomtia mama macho mekundu tuliuwasha wote. Itobela wakikubali, hakuna wa kukataa nchi hii." Akaenda kwa Mzee Kulwa. Mara ya kwanza Mzee Kulwa alijifungia ndani. Mara ya pili alimpa maji lakini hakumpa kiti. Mara ya tatu, tarehe 19 Novemba 2024, alimpa kiti, akamweleza Pelagia alivyokuwa anacheka, na kwamba ile filimbi anayo bado, imening'inia msumarini miaka thelathini, haipulizi na hawezi kuitupa. Leodgar hakumdai msamaha. Alimwomba aje mkutanoni akae mbele.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, uwanja wa shule, kuanzia saa nne asubuhi. Mzee Kulwa alikaa mbele. Leodgar na wenzake waliulizwa maswali mpaka jasho likawatoka, na ilipofika saa saba kasorobo mikono ikahesabiwa, waliokubali mia mbili na kumi na wanne, waliokataa thelathini na mmoja. Wengi wenu mlioinua mikono mpo hapa, na Leodgar alilia mbele yenu, mlimwona. Ikabaki kusaini muhtasari na kuonyesha chupa, na watu wakapiga kelele kwamba chupa kwanza.

Sasa, kazi ya ile chupa ina kanuni ya usalama, kwamba umeme mkali ukiwashwa watu wakae nyuma ya kamba, na katika mitambo mingi ya namna hiyo onyo hutolewa kwa filimbi. Leodgar aliipiga marufuku filimbi tangu siku ya kwanza ya shirika. Badala yake alitumia rimu ya gari, Mzee Awadhi anaigonga kwa nondo. Kila mfanyakazi mpya aliambiwa, usipulize filimbi, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwa nini, kwa sababu wafanyakazi wenzake wote walijua kwamba mama yake Leodgar alifariki kwa ajali ya bani kuungua. Ndivyo alivyowaambia. Ndivyo alivyofundishwa kusema. Siku ile mhandisi wa usalama alikuwa Bi Elieth, mwenyeji wa Mbeya, aliyefika jioni ya jana yake kushika nafasi ya mwenzake aliyeugua, akaambiwa kama wengine, akadhani ni mambo ya kelele tu.

Saa saba na dakika ishirini chupa ikawaka zambarau, watu wakasema ooh, na watoto wawili wakapenya chini ya kamba wakakimbilia waya wa umeme mkali ulioko chini. Rimu ilikuwa mbali, kule kwenye jenereta. Elieth alikuwa na filimbi yake ya kazi mfukoni. Akaipuliza kwa nguvu zote, mara tatu.

Watoto walisimama. Wako hai, mmoja amekaa pale kwa bibi yake. Lakini mashambani na vitongoji vyote vya Itobela viliusikia mwano, na watu ambao hawakuwa mkutanoni wakaacha kila kitu na kukimbia, na nusu ya waliokuwa mkutanoni, waliotoka kuinua mikono nusu saa tu nyuma, miguu yao ikainuka yenyewe. Mzee Kulwa alisimama juu ya kiti akapiga kelele kwamba acheni, ni filimbi ya mgeni, wakampiga kikumbo akaanguka, wakamkanyaga mbavu, kwa sababu sheria ya kutouliza aliiweka yeye. Waliofika mbele waliona nini? Waliona mwanamke mgeni, amevaa koti jeupe, amesimama kando ya moto wa rangi wasiyoijua uliofungwa ndani ya chupa, na macho yake mekundu kwa moshi wa jenereta aliokaa nao tangu asubuhi. Mtu mmoja akasema ndiye huyu. Hapakuwa na neno lingine.

Pigo la kwanza lilimkata Elieth vidole viwili vya mkono wa kulia. La pili halikumfikia, kwa sababu Leodgar alikuwa amemwangusha chini na kumlalia. Wakamkata yeye. Mgongoni mara tatu, begani, kiunoni, kichwani mara mbili, mapigo saba, madaktari waliyahesabu, na moja la kichwani lilifika kwenye mfupa na kuupita. Damu ililowesha koti la Elieth lote, akadhani ni yake. Leodgar alikuwa anawaita kwa majina, kwa Kinyamwezi, mmoja mmoja, na wakaendelea kukata, mpaka alipotaja kwa sauti, mimi ni mtoto wa Nyamizi, mtoto wa Nyamizi mliyemchoma. Hapo wazee wa mbele wakashusha mikono. Kijana mmoja akatupa panga chini. Mzee Awadhi akazima jenereta, chupa ikafifia ikawa kioo tu.

Kuhusu ugonjwa na kifo, marehemu alifikishwa hospitali mjini Tabora saa kumi jioni siku hiyo hiyo, akashonwa, akaongezewa damu chupa tisa, akaamka siku ya tatu, na tumaini likaja. Aliuliza mambo matatu kwa mpangilio huu, watoto waliopenya kamba wako wapi, je, chupa imepasuka, je, muhtasari umesainiwa. Hafsa akamwambia angeanza na mke, akajaribu kucheka, mishono ikamkatalia. Tarehe 22 Agosti Mzee Kulwa alikuja na mbavu zake zimefungwa, akaweka kitu kitandani, wakashikana mikono muda mrefu. Tarehe 24 vidonda viliingia sumu, homa ikapanda. Jumatano, tarehe 27 Agosti 2025, asubuhi, alimwita dada yake, akamwinamisha mpaka sikio likagusa mdomo, akasema, "Dada, usiseme ajali." Saa nne na nusu akakata roho, akiwa na miaka arobaini na minne.

Na hapa tumefika unakokuogopa, baba mdogo. Karatasi ya ukoo, hii ya mistari kumi na minne, inasema Leodgar amefariki kwa ajali ya kazini baada ya mtambo kulipuka. Ukoo umeandika hivyo kwa sababu kati ya waliokata wamo watoto wawili wa shangazi yetu, na polisi wanangoja neno la familia. Tangu juzi mjini wanasema jua la Masanja limelipuka, limeua. Vijiji viwili kati ya vile tisa vimeshapiga simu vinajitoa. Bwana Majidi aliuliza jana kwa adabu, "Dada Getruda, niambie tu, ni mtambo au ni watu? Kama ni mtambo, tunafunga mizigo." Miaka sita ya kazi, meno mawili, gari, mkono wa Mzee Awadhi, mgongo wa mdogo wetu, vyote vinazikwa leo kwa neno moja, ajali, na neno hilo familia hii inalijua vizuri, lilitumika mwaka 1994 hapa hapa, na ndilo lililomwacha Elieth na filimbi mfukoni. Mngemwambia mtu yeyote ukweli wakati ule, Leodgar naye angewaambia wafanyakazi wenzake, na leo tungekuwa tunakunywa chai.

Mzee Awadhi, baba, naomba uondoe hiyo khanga.

Iangalieni. Ndiyo chupa yenyewe, iko kando ya jeneza tangu asubuhi na mmekuwa mnaipita. Mje mmoja mmoja mkitoa heshima za mwisho, muipapase. Haina ufa. Ina damu kidogo upande huu, hatujaifuta. Mtambo haukumuua Leodgar Dionis Masanja. Ameuawa kwa mapanga, na watu wa Itobela, waliokuwa wanatii filimbi, na mimi Getruda nimeyataja majina kumi na moja polisi jana saa nane mchana, pamoja na hayo mawili ya damu yangu. Shangazi, nisamehe. Usiponisamehe pia nitaelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana siku kumi na moja, wanafunzi wa chuo waliojipanga kutoa damu, majirani wa Kanyenye waliopika kwa zamu, Parokia na Msikiti kwa kutuazima viti na maturubai bila kuulizana dini, wafanyakazi wa Jua Dogo, na Bi Elieth, ambaye amekuja na mkono wake umefungwa na amesema kazi haachi. Bi Elieth, hukukosea. Uliokoa watoto wa watu. Muhtasari wa mkutano uko mezani pale, na kalamu ipo, mwenyekiti wa kijiji anajua kilichobaki.

Na la mwisho. Alichokiweka Mzee Kulwa kitandani kwa Leodgar ni hiki hapa, filimbi ya chuma, imeshika kutu mdomoni. Amekubali itajwe, naye ni yule pale amesimama, ameshikwa mikono na wajukuu wake. Inaingia kaburini pamoja na Leodgar, chini ya mkono wake wa kulia, na mwenye nyingine mfukoni ailete kabla ya udongo.

Lala, mdogo wangu, mwana wa Nyamizi. Nimeisoma yote. Pumzika sasa kwa amani, hakuna atakayepuliza.